Karajan mara nne: Beethoven yupi wa kununua ukiwa Kisii au Nyamira?

"Mwalimu, hii si ndiyo ile ya Jumapili iliyopita?"

Mzee wetu wa besi kwayani aliuliza hivyo kikombe cha chai kikiwa mkononi, macho yake kwenye wufa, sebuleni kwangu huku upande wa Kebirigo. Nikamjibu, "Ni ile, mzee, na si ile." Jibu halikumtosha, na kweli halikutosha. Muziki ulikuwa ule ule, sehemu ya mwisho ya Simfoni ya Tisa ya Ludwig van Beethoven. Aliyeongoza alikuwa yule yule, Herbert von Karajan. Okestra ni ile ile ya Berlin Philharmonic, na kwaya ile ile kutoka Vienna, Wiener Singverein. Lakini Jumapili iliyopita tulisikiliza rekodi ya mwaka 1962, na jioni hiyo nilikuwa nimeweka ile ya miaka ya sabini. Mzee alikuwa ameshasikia tofauti kabla sijamweleza chochote. "Ile ya kwanza besi walikuwa karibu nasi," alisema. "Hawa wanaanzia mbali, halafu wanakuja kwa nguvu."

Tangu siku hiyo wanakwaya, wanafunzi wangu wa Muziki na walimu wenzangu wa Keroka na Kisii mjini wameniuliza swali moja: nikitaka kununua, nichukue ipi? Swali lina maana, kwa sababu Karajan alirekodi simfoni zote tisa za Beethoven mara nne. Ukiandika majina ya wote wawili kwenye simu, zote nne zinakuja kwa pamoja, majalada yanakaribiana, na bando linaliwa sawasawa. Ukichagua vibaya, pesa imeshaenda. Nimeishi na rekodi hizi kwa miaka miwili, kwa hedifoni, kwa wufa na kwa spika ya simu, kiangazi na masika. Nitasema nilichosikia na nilicholipa.

Kwanza tujue tunachagua kati ya nini na nini. Karajan alizaliwa Salzburg, Austria, mwaka 1908 na kufariki mwaka 1989. Mara ya kwanza alirekodi Beethoven wote kati ya 1951 na 1955 na Philharmonia Orchestra ya London, okestra iliyoanzishwa mwaka 1945 na Walter Legge, mtayarishaji wa muziki wa kampuni ya EMI. Rekodi hizo karibu zote ni za mono, yaani sauti yote inapita njia moja. Mara ya pili ilikuwa Berlin, 1961 na 1962, kwa kampuni ya Deutsche Grammophon, ndani ya kanisa la Jesus-Christus-Kirche mtaani Dahlem. Kampuni iliziuza zote tisa katika sanduku moja kuanzia 1963, na watu wakajiandikisha kununua kabla hawajasikia hata noti moja. Mara ya tatu ni 1975 hadi 1977, katika ukumbi mpya wa okestra hiyo uitwao Philharmonie. Mara ya nne ni 1982 hadi 1984, ukumbini humo humo, kwa mitambo ya dijitali, kwa sababu CD zilikuwa zimeanza kuuzwa mwaka 1982 na Karajan alikuwa mmoja wa waliozipigia debe tangu mwanzo.

Sasa kosa la kwanza la gharama: kuamini mwaka ulioandikwa kwenye simu. Mara nyingi mwaka huo ni wa toleo la juzijuzi, na rekodi ya 1962 unaweza kuikuta imeandikwa 2003 au 2014. Kitambulisho cha uhakika ni majina ya waimbaji wa Simfoni ya Tisa, na hasa jina la soprano. Ukiona Elisabeth Schwarzkopf, hiyo ni ya 1955. Gundula Janowitz ni ya 1962. Anna Tomowa-Sintow ni ya miaka ya sabini. Janet Perry ni ya miaka ya themanini. Kwa simfoni zisizo na waimbaji, angalia okestra: ikiwa Philharmonia, uko katika miaka ya hamsini, ikiwa Berlin, fungua albamu nzima mpaka umwone soprano. Nimewaandikia wanafunzi majina haya manne ubaoni na wameyanakili nyuma ya madaftari yao. Mtihani wa Muziki wa KCSE una karatasi nzima ya kusikiliza, na mwanafunzi aliyezoea kulinganisha rekodi mbili za kipande kimoja huwa na sikio kali kuliko yule aliyekariri maelezo.

Nikisema tofauti, sisemi mambo ya wataalamu peke yao. Chukua dakika chache tu za Simfoni ya Tisa, pale mwanzoni mwa sehemu ya nne. Okestra inalipuka kwa kelele, inanyamaza, inakumbuka vipande vya sehemu zilizopita na kuvikataa kimoja kimoja. Kisha chelo na kontrabasi, peke yao, bila fidla wala tarumbeta, wanaanza ile tuni ya furaha ambayo wengi wetu Waadventista tunaijua kutoka kitabu cha nyimbo cha Kiingereza. Wanaipiga kwa sauti ya chini kabisa. Wakimaliza, viola wanaichukua, zumari nene la basuni likizunguka kando yao, halafu fidla, halafu okestra yote na tarumbeta zake.

Hapo kwenye besi peke yao ndipo ninapopimia rekodi. Aliyekulia Gusii akisikia obokano hahitaji kufundishwa thamani ya nyuzi nene. Obokano ina nyuzi nane, na zile za chini hazilii tu. Zinanguruma, na mngurumo wenyewe ni sehemu ya wimbo. Mzee wetu wa besi alilelewa na mjomba aliyepiga obokano kwenye harusi na matanga, na nadhani ndiyo sababu masikio yake huenda chini kabla ya kwenda juu.

Katika rekodi ya 1962 besi hao wanasikika kama watu walioketi mbele yako. Unasikia upinde ukigusa uzi. Kanisa la Dahlem linawapa uvuguvugu kidogo nyuma yao, lakini haliwafuniki. Karajan hapo alikuwa na miaka hamsini na minne, na anakwenda haraka bila kuburuta. Simfoni ya Tisa nzima inamchukua kama dakika 67. Simfoni ya Tano inaenda kama mtu anayejua njia ya kwao usiku. Ya Saba, ambayo ni simfoni ya mdundo toka mwanzo hadi mwisho, ni mojawapo ya sababu kubwa za kununua sanduku hili: fidla zinakata, ngoma za timpani zina ngozi, na mwisho wake unamfanya mtu asimame.

Ila sanduku hilo lina kasoro, na muuzaji hawezi kukuambia. Simfoni ya Sita, ile ya mashambani, imekimbizwa. Beethoven aliandika pale kijito, ndege, ngoma ya wanakijiji, mvua ya radi na shukrani baada ya mvua. Sisi watu wa Kisii na Nyamira tuna haki ya kudai mvua hiyo ipigwe vizuri, maana tunaipata halisi karibu kila alasiri. Timpani hazisikiki popote katika simfoni hiyo isipokuwa kwenye dhoruba, na trombone hungoja mpaka hapo ndipo ziingie. Dhoruba ya Karajan ni nzuri, siikatai. Lakini huwezi kuogopa radi kama hukupewa muda wa kutulia kando ya kijito, na Karajan wa 1962 anapita kijito hicho kama aliyechelewa matatu. Toleo la miaka ya sabini lina sauti tajiri zaidi ila haraka ni ile ile. Simfoni hii nunua iliyoongozwa na mtu mwingine. Mimi nilichukua ya Karl Böhm na Vienna Philharmonic, iliyorekodiwa 1971, na sijajuta.

Toleo la miaka ya sabini ndilo linalotaka vifaa. Besi wa Simfoni ya Tisa wanaanza kwa mnong'ono kiasi kwamba mwanzoni nilidhani flashi imeharibika. Okestra imejaa, imelainishwa, nyuzi zimeshikana kama kitambaa cha hariri. Kwaya inapoingia inasikika kubwa kuliko matoleo mengine yote matatu, na waimbaji wanne wa mbele, Tomowa-Sintow, Agnes Baltsa, Peter Schreier na José van Dam, wanapatana kwa namna ambayo mwalimu wa kwaya huitamani. Nikitaka kuwaonyesha waimbaji wangu jinsi alto anavyoweza kusikika bila kumpigia soprano kelele, ninaweka hii. Lakini ninaiweka usiku, stima ikiwepo, mvua isiponyesha.

Mvua narudia kwa makusudi. Nyumba zetu nyingi zina mabati bila dari. Masika, kati ya saa nane na saa kumi na moja jioni, huwezi kusikia mtu aliye upande wa pili wa meza. Simfoni ya Tisa inaanza na nyuzi zinazotetemeka chinichini, kama giza kabla ya alfajiri. Chini ya mabati yanayopigwa na mvua, mwanzo huo wote haupo. Ukiongeza sauti ili uisikie, okestra ikilipuka muda mfupi baadaye, spika inapasuka na mtoto anaamka akilia. Nililipia rekodi hii ya miaka ya sabini kwa hamu kubwa kwa sababu ya sifa zake, na kwa miezi mitatu ya masika sikuifaidi.

Ya miaka ya themanini nitaisema kwa kifupi. Sauti ni kavu, fidla ziko mbele mno na zina makali. Kwa hedifoni za shilingi mia mbili zinazouzwa kando ya barabara, makali hayo yanachoma sikio kabla Simfoni ya Tano haijafika katikati. Karajan alikuwa mgonjwa wa mgongo, na katika miaka hiyo hiyo alikuwa na ugomvi mzito na wanamuziki wake wa Berlin kuhusu kumwajiri mpiga klarineti Sabine Meyer. Sidai kwamba ugomvi unasikika. Ninachosikia ni nguvu nyingi na utulivu kidogo. Ukipewa bure, chukua. Simfoni ya Nane ndani yake ni ya kufurahisha. Pesa yako usiipeleke huko kwanza.

Imebaki ile ya kwanza kabisa, ya miaka ya hamsini, ambayo niliidharau kwa kuwa ni mono na ni kuukuu. Nilikosea. Simu nyingi tunazotumia zina spika moja. Ukipiga rekodi ya stirio kwenye spika moja, uzuri uliolipia, fidla kushoto na besi kulia, unabanwa kuwa kitu kimoja. Mono haipotezi chochote kwa sababu ilitengenezwa hivyo. Pia umbali kati ya mnong'ono na kishindo ni mfupi katika kanda za wakati ule, hivyo sehemu za chini hazizami sana na sehemu za juu hazipasui. Mafundi wa leo huona huo ni upungufu. Chini ya mabati ni msaada. Philharmonia yenyewe ilikuwa okestra ya wapigaji hodari, na zumari na filimbi zao zina utamu ambao Berlin hawakuwa nao. Simfoni ya Tatu ya miaka hiyo, kwa masikio yangu, inapumua vizuri kuliko zilizofuata.

Tuje kwenye pesa.

Mwezi wa kwanza nilisikiliza kwa bando za siku, shilingi hamsini leo, ishirini kesho. Nilipojumlisha jumbe za M-Pesa nilikuta nimetumia shilingi 870, na hakuna hata rekodi moja iliyobaki kwangu. Sehemu kubwa ya hasara ilikuwa ujinga: nilikuwa nikitazama video. Sauti peke yake, kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, hula karibu megabaiti moja kwa dakika. Simfoni ya Tisa basi ni kama megabaiti 64, na simfoni zote tisa za Karajan, ambazo huchukua takriban saa tano na nusu, hazifiki megabaiti 350. Ukipandisha hadi kilobiti 320, zidisha mara mbili na nusu. Kwa hedifoni za bei nafuu sijaona tofauti ya kulipia juu ya hapo. Video ya muziki ule ule hula mara nyingi zaidi ya hiyo, nawe unachotazama ni jalada lililosimama tu.

Huduma za bure zina gharama nyingine isiyohesabiwa kwa shilingi. Katika Simfoni ya Tano, sehemu ya tatu haimaliziki. Inazama, timpani inagonga polepole gizani, kisha bila kupumua sehemu ya nne inafunguka kama mlango wa jua. Nimewahi kuwa na wanafunzi kumi na wanne wameketi kimya wakingoja mlango huo, likaingia tangazo la kubeti. Katika Simfoni ya Sita sehemu tatu za mwisho zimeunganishwa hivyo hivyo. Baadhi ya huduma za bure pia hupiga nyimbo bila mpangilio, na simfoni iliyochanganywa mpangilio ni sawa na mahubiri yaliyoanzia kwenye amina. Kama utategemea simu, lipia angalau mwezi mmoja, pakua albamu mbili unazozitaka mahali penye waifai, na uzime ile mipangilio inayochanganya mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine. Tangu Spotify ifike Kenya mwaka 2021 hilo limekuwa rahisi. Mimi hulipa shilingi mia tatu na kitu kwa mwezi, na nikiacha kulipa, nyimbo nilizopakua zinafungwa.

Hiyo ndiyo sababu nilirudi kwenye CD, kitu ambacho watu wananishangaa. Karibu kila sebule huku bado ina mashine ya DVD iliyounganishwa na wufa, na mashine hiyo hupiga CD ya muziki vizuri kabisa. Madukani Kisii mjini utapata za injili na za wanamuziki wetu wa Kigusii. Beethoven sijawahi kumkuta. Lakini familia nyingi za Gusii zina mtu Minnesota. Binamu yangu anayeishi huko aliingia duka la vitu vya mitumba akakuta sanduku la 1962, CD tano, dola nane. Wamarekani wanazitupa. Alizitia kati ya nguo kwenye sanduku la safari alipokuja Desemba. Dola nane ni kama shilingi elfu moja. Kuagiza sanduku jipya kwa posta, ukiongeza usafirishaji na ushuru, kungenigharimu mara kadhaa ya hapo.

Nilikopi CD hizo kwenye kompyuta ya rafiki yenye mahali pa CD, nikaziweka katika flashi ya GB 8 niliyonunua shilingi 500 karibu na soko la Daraja Mbili. Kwa kilobiti 320 zote tisa zinachukua chini ya GB moja. Jumla, shilingi 1,500. Ukigawa kwa ada ya mwezi ya simu, baada ya miezi mitano CD imejilipa, na baada ya hapo ni yako. Stima ikipotea, flashi inaingia kwenye redio ya sola na muziki unaendelea.

Mtumba una hatari zake. Kabla ya sanduku la binamu nilinunua lingine Nairobi bila kulikagua kwa sababu nilikuwa nakimbilia gari. Nilifika nyumbani saa tatu usiku, nikafungua, na mahali pa CD ya Simfoni ya Tisa palikuwa na CD ya nyimbo za Krismasi. Shilingi 1,200 zikaenda. Sasa huwa nafungua kila kifuniko mbele ya muuzaji, nasoma jina lililo kwenye CD yenyewe, na kuinamisha kuelekea mwangani. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi haidhuru. Inayozunguka ndiyo hurusha muziki. Wapenzi wa santuri nao wanaweza kutembelea duka la Jimmy Rugami pale Kenyatta Market, Nairobi, ambalo limehifadhi sahani za zamani kwa miongo mingi. Mimi sishauri mtu anayeanza aende njia hiyo. Santuri inataka mashine, sindano, na stima isiyokatika.

Kwa kwaya, kuna hesabu nzuri kuliko zote. Sisi ni ishirini na wanne. Kila mmoja akitoa shilingi hamsini inapatikana 1,200, ambayo ni sanduku moja la mtumba na chenji. Tulifanya hivyo mwezi ambao bonasi ya majani chai iliingia, na hakuna aliyelalamika. Sanduku linakaa kwa katibu, na anayetaka anaazima kwa wiki.

Wufa nayo ina neno. Nyingi zimetengenezwa kunguruma, na besi za Berlin zikipitia humo zinageuka kuwa "bu-bu-bu" isiyo na noti. Iondoe kwenye kona ya nyumba, iinue kutoka sakafuni iwe juu ya kigoda, na urudishe kitufe cha besi katikati au chini yake. Haigharimu chochote. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilisikia kontrabasi wakibadilisha noti, jambo ambalo nilikuwa nimelikosa kwa mwaka mzima.

Kuna gharama moja ambayo mwalimu hawezi kuwaficha wanafunzi. Karajan alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933, na baada ya vita mataifa yaliyoshinda yalimzuia kuongoza hadharani hadi 1947. Mtu huyo ndiye aliyeombwa baadaye kupanga tuni ya furaha, muziki wa maneno yanayosema watu wote watakuwa ndugu, kuwa wimbo wa Baraza la Ulaya mwaka 1972. Na miaka miwili baadaye, hapa hapa Afrika, serikali ya Ian Smith ya Rhodesia iliichukua tuni hiyo hiyo kuwa wimbo wa taifa la wachache weupe. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza kama ni halali kumsikiliza. Nilimwambia ninavyoamini: Beethoven alimaliza simfoni hii mwaka 1824, na hawezi kuulizwa mikono iliyoishika baadaye, lakini msikilizaji anaweza kuulizwa kama alijua. Asiyetaka senti yake iwafikie warithi wa Karajan, CD ya mtumba haiwapelekei chochote. Na asiyetaka kumsikia kabisa ana pa kwenda. Carlos Kleiber alirekodi ya Tano na ya Saba na Vienna Philharmonic katikati ya miaka ya sabini, zote mbili katika CD moja, na mtu mwenye pesa ya CD moja tu ningempa hiyo kabla ya sanduku lolote. Pia kuna Kinshasa, ambako Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ilirekodiwa katika filamu ya mwaka 2010 ikijifunza Simfoni hii ya Tisa, baadhi ya ala zikiwa zimetengenezwa na wanamuziki wenyewe. Mzee wetu wa besi aliitazama filamu hiyo mara mbili kwenye simu yangu. Alitaka kumwona yule fundi wa kontrabasi.

Kwa hiyo ukinishika mkono barabarani: mwenye hedifoni na chumba kimya achukue 1962, isipokuwa Simfoni ya Sita. Mwenye wufa iliyowekwa vizuri, na hasa mwalimu wa kwaya, atafute Simfoni ya Tisa ya miaka ya sabini. Hana haja ya sanduku zima. Mwenye simu tupu na mabati aanze na Philharmonia ya miaka ya hamsini.

Mzee mwenyewe alikuja wiki iliyopita na simu yake ya kabambe na memori kadi ndogo. Alitaka Simfoni ya Tisa aende nayo shambani, maana huchuma chai kuanzia saa moja asubuhi, na redio inamchosha. Nilimpigia zote nne mfululizo, pale pale kwenye besi peke yao, kwa spika ya kabambe yake na si kwa wufa. Mvua ilikuwa imeanza. Ya themanini aliikataa kwa mkono. Ya sabini aliinamisha sikio, akangoja, akasema, "Hawajaanza?" Walikuwa wameanza kitambo. Ya 1962 alitabasamu.

Halafu nikaweka ya 1955. Mzee alisogeza kabambe kifuani, akafunga macho, na kabla viola hawajaingia alikuwa ameshaishika tuni, oktava moja chini, mvua ikipiga juu yetu.

"Nitilie hii," alisema. "Ni shilingi ngapi?"

Nilimwambia ni bure, ila kadi yake ina nyimbo mia tatu za mjukuu na lazima nifute chache.

"Futa," akasema.